Helikopta Yangu Kwenye Mchanga wa Huruma

Jumamosi, 13 Julai 1996. Umoja.

Baridi. Jua halijaonekana tangu Jumatano, na mawingu yamekaa juu ya paa za Umoja kama blanketi lililoloa. Nimerudi kutoka Huruma kwa miguu, nimeoga maji moto, nimekunywa chai vikombe viwili, na magoti bado yananisimulia njia nzima.

Naandika sasa, kabla chakula hakijaiva, kwa sababu nikingoja hadi kesho nitaanza kuyapamba mambo.

Nimechoka. Si kwa kutembea tu. Nimechoka kujisikia nikizungumza.

Nianze na kabati, maana ndilo chanzo cha yote. Sebuleni kwangu, mahali ambapo nyumba nyingine za mtaa huu huweka vikombe vya wageni na picha za harusi, kuna kabati la vioo lenye helikopta kumi na moja. Zote ni za mashambulizi, zote za chuma cha kumimina, na zote ni za kipimo kimoja: moja kwa sabini na mbili. Maana yake ni kwamba ukipanga sabini na mbili kama hiyo, pua kwa mkia, utapata urefu wa helikopta yenyewe. Ya kipimo kingine siichukui hata nikipewa bure. Mwaka juzi niliacha moja nzuri sana kwenye rundo la mitumba Gikomba kwa sababu ilikuwa moja kwa mia, na kuiweka kando ya zile nyingine kungekuwa kusema uongo ndani ya nyumba yangu.

Watu huniuliza mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, anataka nini na vyombo vya kuulia watu. Ni swali la haki. Sijawahi kupanda helikopta, wala sipendi vita. Lakini nilifundisha uchoraji wa kiufundi karibu maisha yangu yote, na sijaona kitu kingine ambacho kila mstari wake una sababu. Helikopta ya namna hii ni nyembamba kwa kuwa marubani wawili wameketi mmoja nyuma ya mwenzake, si bega kwa bega, ili anayeilenga kutoka mbele asipate mahali papana pa kupiga. Yule wa nyuma ameinuliwa kidogo aone juu ya kichwa cha wa mbele. Tumbo limepakwa samawati kwa sababu anayelitazama kutoka chini anatazama mbingu. Hakuna urembo hata kidogo. Ya kwanza niliachiwa na mwalimu mwenzangu, mgeni, alipokuwa akirudi kwao. Nyingine zimekuja moja moja, kupitia binamu yangu wa idara ya mizigo kule uwanja wa ndege, na wanafunzi wangu wa zamani waliobahatika kusafiri.

Naona nimeanza tena kueleza.

Kanuni za kabati ni mbili. Jumapili baada ya ibada nazipangusa kwa brashi laini. Na hakuna anayezigusa kwa mkono mtupu, hata mimi. Navaa glavu nyeupe za pamba. Jasho la vidole lina chumvi, na chumvi hula rangi polepole na kubandua vile vibandiko vidogo vya namba. Mama Kioko anaijua kanuni hiyo. Mwanetu Kioko aliijua kabla hajajua kusoma.

Basi mwanzoni mwa Juni watu wa Wambui walikuja.

Wambui ni msichana ambaye Kioko anataka kumwoa. Sisi ni watu wa Machakos. Wao asili yao ni Murang'a, lakini wamekaa Huruma tangu yeye hajazaliwa. Tulikubaliana kufuata desturi ya kwao: kabla ya mazungumzo yoyote, wazee wa msichana huja kuona nyumba atakayoingia binti yao. Wakiridhika, wao ndio hutaja siku ya ninyi kwenda kwao. Wasipotaja, hamwendi. Hakuna barua ya kukataliwa. Kuna kimya tu.

Walikuja watano: baba yake, Mzee Karanja, ndugu zake wawili, na wake wawili wa hao ndugu. Mama Kioko alikuwa jikoni tangu alfajiri. Wageni walikunywa chai, wakaisifu nyumba, wakauliza kama Machakos mvua ilinyesha. Kisha Mzee Karanja akainuka polepole, akaenda kusimama mbele ya kabati.

Ni mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alitazama bila kusema neno. Kimya cha mtu mbele ya kabati langu mimi hukichukua kama swali, kwa hiyo nilienda kusimama kando yake, nikaanza kumjibu.

Nilimjibu kwa muda wa nusu saa. Nilimweleza jinsi zinki inavyoyeyushwa, jinsi inavyosukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma inayoipa umbo, kwa nini inatoka laini kuliko kitu kilichomiminwa kwenye mchanga. Niliinua hata kidole. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Aliuliza swali moja: "Na inatokaje kwenye hiyo kalibu?" Nikamwambia hilo ni jambo refu kidogo, nikaendelea na mengine. Ukweli ni kwamba sikujua.

Kisha nikafungua kioo ili aione vizuri Hind, ile ya Kirusi, ambayo ni kubwa na nzito kuliko zote. Mzee Karanja akanyoosha mkono aichukue.

Nilimshika kifundo cha mkono.

"Usishike, Mzee."

Sikufikiri. Mkono wangu ulifanya kama unavyofanya kwa watoto wa majirani. Lakini huyu alikuwa baba wa msichana, ndani ya nyumba aliyoitwa kuiona, mbele ya ndugu zake. Aliurudisha mkono wake, akautia mfukoni. Ndugu yake mmoja aliweka kikombe chini. Walisema wana safari nyingine. Kuku wawili na chapati za Mama Kioko zililiwa na majirani.

Jioni ile Kioko aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni, "Baba, unajua mzee wa Wambui anafanya kazi gani?"

"Si uliniambia ni kazi ya sufuria? Anauza sufuria."

"Hauzi. Anazitengeneza. Anayeyusha chuma, anamimina kwenye mchanga. Ameifanya hiyo kazi tangu mimi sijazaliwa. Na wewe umesimama hapo ukamfundisha vile chuma inayeyuka."

Mama Kioko hakuinua macho kutoka kwenye vyombo alivyokuwa akivipanga. "Umemfundisha mpishi kuwasha moto," alisema. "Halafu ukamkataza kuonja."

Zimepita wiki tano. Siku haikutajwa. Wambui amemwambia Kioko kwamba anampenda lakini hatoki kwao bila neno la baba yake, na sioni namna ya kumlaumu. Kioko hajala kwetu tangu siku ile. Hupita Jumapili, humsalimu mama yake jikoni, husema ameshiba.

Ndiyo maana leo asubuhi nimeitoa Hind kabatini, nikaifunga kwa fulana, nikaitia kwenye kiondo cha Mama Kioko, nikashika njia. Nilinuia kumpa. Si kumwonyesha: kumpa. Nilitayarisha na maneno, tangu barabara ya Outer Ring hadi Kariobangi, hotuba ya sehemu tatu: kosa, sababu ya kosa, na ombi. Kufika Huruma sehemu ya pili ilikuwa imekuwa ndefu kuliko zile mbili nyingine zikiunganishwa, na matope yalikuwa yameingia viatuni.

Kibanda cha Mzee Karanja kiko nyuma ya maghorofa, upande wa mtoni. Mabati matatu, tanuri lililokatwa kutoka kwenye pipa, na feni ya mkono iliyoundwa kwa gurudumu la baiskeli. Pembeni kuna rundo la pistoni kuukuu na sufuria zilizotoboka, zikingoja kuwa sufuria tena. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke mnene aliyejifunga leso mbili kwa baridi. Anaitwa Mama Shiro, anauza mandazi, na alikuwa anangoja karai lake la kukaangia.

"Mzee," nilianza, "nimekuja kwa sababu ya jambo ambalo..."

"Ngoja," alisema Mzee Karanja bila kugeuka. "Hii ikipoa hainingoji. Kaa hapo. Hapana, hapo kuna moto. Kaa na Mama Shiro."

Nikakaa na Mama Shiro. Nilikaa karibu saa nzima. Mzee Karanja alikoroga, akaondoa takataka za juu kwa kijiko kirefu, akamimina, akatoa, akagonga, akasikiliza mlio, akakunja uso, akarudisha karai tanurini. Mama Shiro akaguna. Alimimina tena. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikaa saa nzima nikimtazama mtu akifanya kazi bila kumwambia kitu kuihusu.

Alipomaliza alikuja akasimama mbele yangu. Ile hotuba ilikuwa imenitoka yote. Nilifungua kiondo, nikafungua fulana, nikampa Hind kwa mikono miwili.

Hakufuta mikono. Aliipima kwenye kiganja, juu, chini, kama mtu anayenunua nyama. Akaigeuza tumbo juu.

"Zinki," alisema. "Na aluminiamu kidogo ndani." Akapitisha ukucha chini ya mkia. "Unaona hapa?"

Nikavaa miwani. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, kutoka puani hadi mkiani.

"Hapo ndipo kalibu mbili zilikutana. Na hizi?" Akanionyesha alama tatu za mviringo, ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. "Hizi ni alama za vijiti vya chuma. Vinaisukuma kutoka nyuma ndio itoke. Ile siku nilikuuliza inatokaje."

"Nakumbuka, Mzee."

"Nilitaka tu kuangalia tumbo yake."

Nimekuwa na helikopta hii miaka kumi na mmoja. Nimeipangusa kila Jumapili. Mstari ule sikuwahi kuuona, wala alama zile, kwa sababu nilikuwa nikiipangusa ikiwa imesimama, jinsi inavyopendeza.

Nilimwambia ni yake. Nilimwambia nimeileta aichukue kabisa. Aliuliza, "Naweza kuilaza kwenye mchanga?"

"Ni yako, Mzee."

"Sijakuuliza ni ya nani. Nimekuuliza kama naweza kuilaza."

Mwenye kabati kama langu anaelewa anachoulizwa hapo: alama yake ibaki mchangani, na ndani ya alama hiyo amimine nyingine. Mchanga wa kumiminia unachanganywa na oili chafu ya gari. Unakwaruza, unaingia kila mahali, hautoki. Nilimfikiria Kioko akimwambia mama yake ameshiba. Nikasema ndiyo.

Aling'oa mapanga yanayozunguka juu kwa ncha ya kisu. Akang'oa magurudumu, kisha kioo cha rubani, akavipanga vyote juu ya kitambaa, kwa mpangilio ambao hata mimi nisingeukosoa. Akanyunyizia unga wa makaa ili isinate mchangani. Halafu akailaza Hind kwenye fremu ya mbao ya vipande viwili, akajaza mchanga, na akaanza kuushindilia kwa ngumi. Nilisikia kibawa kimoja kikipinda. Ni sauti ndogo.

"Mzee Karanja, umeacha karai sasa unafanya ndege?" aliuliza Mama Shiro. "Nikipanda hiyo nafika Murang'a saa ngapi?"

"Hutapanda. Haina mlango."

Ina milango miwili, mmoja kila upande, ya wanajeshi wanane. Ndiyo sifa kubwa ya Hind. Hakuna nyingine kabatini mwangu inayobeba askari tumboni. Nilianza kukung'uta matope viatuni.

"Basi hata mlango hamna?" Mama Shiro alinigeukia. "Mwalimu, na wewe unakubali kununua kitu haina mlango?"

Nilitikisa kichwa tu. Mzee Karanja alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye mchanga.

Akaitenganisha fremu, akaitoa Hind, na mle mchangani nikaiona yote ikiwa tupu: pua, vibawa, makasha ya roketi. Akachonga njia ya kupitishia chuma, akafunga fremu, akamimina. Tulikaa kungoja ipoe. Hapo ndipo aliponiambia yaliyonipeleka.

"Ndugu zangu wanasema ulinishika mkono kama mwizi. Wanataka kondoo dume."

"Nitaleta, Mzee."

"Utaleta. Hiyo ni yao, wataichinja, watakula, watasahau. Lakini yangu ni nyingine." Alikuwa akijikuna makovu ya mkononi, bila hasira yoyote. "Siku mtakuja kwangu, utakaa karibu na mimi. Mtatafuta mtu wenu wa kuongea. Wewe hutaongea. Kutoka mlangoni ukiingia mpaka mlangoni ukitoka. Hata salamu, unanipa mkono tu."

"Na nikiulizwa jambo na wazee, Mzee? Kwa sababu kuna mambo ambayo kwa desturi baba mwenyewe ndiye..."

"Mama Shiro, umesikia? Ameanza."

Mama Shiro alicheka hadi leso moja ikaanguka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeona haya hadi masikioni.

"Hata ukiulizwa," alisema Mzee Karanja. "Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Mwambie kijana yako."

Nilitaka kumshukuru. Sentensi ilikuwa imeshajipanga mdomoni, na nyingine nyuma yake. Nikampa mkono.

Alifungua fremu. Helikopta ya aluminiamu ilitoka ikiwa nene, nyeupe, na bila mkia: chuma kilipoa kabla hakijafika kule mwisho mwembamba. Aliigeuza mara moja, akasema mkia haukujaa, akaitupa kwenye rundo pamoja na pistoni. Hind akanirudishia ndani ya fulana, na mapanga yake na kioo chake ndani ya karatasi ya sukari. "Hii rudi nayo. Kwangu hakuna kabati."

Sasa iko hapa mezani kando ya daftari. Rangi ya tumbo imetoka, samawati haipo tena, na zinki inaonekana. Vibandiko vya namba vimekwisha. Kibawa kimoja kimeelekea chini. Kwa mtu wa kukusanya vitu hivi haina thamani yoyote sasa. Kwa mara ya kwanza nimeishika kwa mkono mtupu, muda mrefu, na lazima niseme kwamba uzito wake sikuwa nikiujua. Glavu huficha hata hilo. Sijui kama nitairudisha kabatini au nitaiacha juu ya meza ambapo watu wanaweza kuishika. Leo sina nguvu za kuamua.

Niliporudi Mama Kioko aliniuliza imekuwaje. Nilisema, "Jumamosi ya kwanza ya Agosti." Alisimama na mwiko mkononi akingoja niendelee. Nilipokosa kuendelea, aliweka kiganja juu ya paji la uso wangu kuona kama nina homa. Kisha akatoka kwenda kumtafuta Kioko.

Wiki tatu. Nimepiga hesabu ya mambo yatakayosemwa siku ile na nitakayotamani kuyarekebisha, nikaacha kuhesabu. Msemaji wetu ni shemeji yangu Musyoka, kaka yake Mama Kioko. Hakuna mwingine. Ana sauti nzuri, anapendwa na watu, na hajui jambo lolote kwa usahihi. Atataja mwaka usio sahihi aliozaliwa Kioko. Ataiita kazi yake kwa jina lingine. Atasema mimi nilifundisha jiografia. Nami nitakuwa pale pembeni ya Mzee Karanja, nikishika magoti yangu. Je, nitaweza? Nina miaka sitini na minne na sijawahi kujaribu.

Musyoka anakuja kula hapa leo, namsikia tayari akiwasalimu majirani kwa nguvu. Kwa miaka yote hii ameamini kwamba helikopta huelea kwa sababu ya gesi iliyojazwa tumboni, na kila akikaa mbele ya kabati hulisema, nami kila mara huchukua kalamu na karatasi kumrekebisha.

Leo akisema, nitamwongezea mchuzi.